Somo la 14: Kununua Chombo Kilichokwisha Tumika

(Maneno ya somo la redioni kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo, mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni: mkuku, taruma, kalafati, deheni, foromali, hati, shahidi.)

Natumaini taa inawaka vizuri, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Karatasi ya somo hili mnayo mikononi. Nitakaposema, fuateni kwa kidole mstari kwa mstari. Neno likikushinda, litie alama, kisha umwulize mwalimu wako baada ya somo. Kuuliza si aibu.

Wanafunzi wa madarasa ya pwani wameuliza swali moja mara nyingi. Wanasema hivi: "Nimeweka akiba kidogo. Nataka kununua chombo changu cha kwanza. Kipya siwezi, fedha hazitoshi. Nifanyeje nisije nikanunua kuni badala ya chombo?"

Swali hili ni zuri, nami nitajaribu kulijibu. Mimi si nahodha. Ni mtu wa chaki na vitabu, na wengi wenu mnaijua bahari kuliko mimi. Lakini nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi, na mambo ninayowaambia leo yalitugharimu nyumbani kwetu. Basi nitaanza kwa kisa hicho.

KISA CHA MASHUA YA RANGI YA SAMAWATI

Baba yangu mdogo alikuwa baharia katika vyombo vya watu kwa miaka mingi. Mnajua desturi ya pwani. Samaki wakishauzwa, fedha hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, na kuna mafungu ya mabaharia. Asiye na chombo wala nyavu hupata fungu lake moja tu, hata kama mikono yake ndiyo iliyovuta kamba usiku kucha. Baba mdogo alichoka na fungu moja. Akaweka akiba. Mama mdogo naye akaongeza fedha zake za kusuka makuti na mikeka, ambazo alikuwa akiziweka kwa ajili ya kununua mabati ya nyumba.

Siku moja akasikia kuna mashua inauzwa. Tukaenda kuitazama, nami nilifuatana nao. Mashua ilikuwa inaelea kwenye nanga, imepakwa rangi ya samawati na nyeupe. Inang'aa! Rangi ilikuwa mbichi karibu kushika mkono. Mwuzaji akasema yuko mtu mwingine atakayekuja kesho na fedha taslimu. Baba mdogo akaogopa kuikosa. Akahesabu fedha. Ikaletwa karatasi, akatia kidole gumba.

Juma la tatu, kusi likivuma, walikuwa watu watatu nje ya mwamba. Ubao mmoja karibu na mkuku ukaachia. Walifua maji kwa ndoo na kopo tangu alasiri hata magharibi. Wakatupa nyavu baharini ili kupunguza uzito. Mungu akawajalia wakafika fungu la mchanga, wakalala hapo, asubuhi wakaonwa na wenzao. Watu walipona. Nyavu zilikwenda, na fedha za mabati zilikwenda.

Mashua ilipovutwa pwani, fundi akachoma kisu katika ubao wa chini. Kisu kikazama mpaka kwenye mpini. Ndani ya mbao mlikuwa mmejaa matundu kama sega la nyuki.

Baba mdogo akaenda kwa mwuzaji kudai. Mwuzaji hakugombana naye. Aliingia ndani, akatoa ile karatasi, akamwita mtu aisome. Ilisema kwamba mnunuzi amekikagua chombo, ameridhika nacho kama kilivyo, na hatakuwa na dai lolote. Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba cha baba mdogo.

Ndugu zangu, siku ile karatasi ilipotiwa kidole mimi nilikuwapo. Nilikuwa darasa la tano, nilijua kusoma. Hakuna aliyeniambia nisome, nami sikuthubutu kusema neno mbele ya wakubwa. Jambo hilo sijalisahau.

Wako watu watakaosema, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Mithali hiyo tunaiheshimu. Lakini mashua ile haikuzamishwa na bahari tu. Ilianza kuzama siku ile iliponunuliwa bila kupinduliwa, bila kuchomwa kisu na bila kusomwa karatasi yake. Basi tujifunze mambo hayo, moja baada ya jingine.

JAMBO LA KWANZA: CHOMBO CHA KAZI GANI?

Kabla ya kutazama chombo cha mtu, kaa chini ujiulize maswali manne, uandike majibu katika daftari lako. Nitavua wapi, ndani ya mwamba au nje? Tutakuwa watu wangapi? Chombo nitakilaza wapi usiku? Nani atanisaidia kukivuta?

Watu wa pwani hii wamejua vyombo tangu zamani sana. Kitabu kimoja cha Kiyunani, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa na mitumbwi katika pwani yetu. Hata leo tunavyo vyombo vya namna nyingi, na kila kimoja kina kazi yake.

Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Ni wa bei nafuu, unafaa maji matulivu. Ngalawa nayo ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lakini ina matengo pande zote mbili yanayoizuia isipinduke, na ina tanga. Watu wachache huweza kuisukuma hata mchangani. Dau ni la mbao, lina ncha mbele na nyuma. Mashua ni ya mbao pia, nayo imekatwa nyuma. Huchukua watu na mzigo zaidi, lakini inataka mabaharia, inataka kalafati kila mara, inataka fedha. Siku hizi ziko pia boti za faiba. Hizo haziliwi na wadudu, ila zikipasuka zinataka fundi anayeijua kazi hiyo na dawa maalumu za kuzibia.

Mtu mwenye akiba ndogo, anayevua na ndugu yake mmoja ndani ya mwamba, ngalawa yamtosha. Asinunue mashua kwa sababu jirani anayo. Chombo kikubwa kisicho na watu wa kutosha hubaki pwani kikipasuliwa na jua.

JAMBO LA PILI: KITAZAME KIKIWA KIKAVU

Hili ndilo jambo kubwa kupita yote. Usinunue chombo ulichokiona majini tu. Ubaya wa chombo uko chini, mahali macho hayafiki.

Chagua siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa sana na hupwa sana. Unguja, kwa mfano, tofauti ya maji makuu na maji makavu huweza kukaribia mita 4. Mwambie mwuzaji akilaze chombo mchangani maji yakipwa. Utapata saa kadhaa za kukizunguka. Mwuzaji mwema hatakataa. Akikataa, mshukuru, uende zako.

Nenda na fundi wa vyombo, si rafiki wa mwuzaji, bali mtu wako. Mlipe ujira wa siku yake. Ujira huo ni mdogo ukiulinganisha na hasara. Chukua kisu chenye ncha, nyundo ndogo, kipande cha kamba nyembamba, na daftari.

Kwanza, mkuku. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, kama uti wa mgongo. Simama nyuma ya chombo, uinamishe kichwa, uutazame mkuku mpaka mbele. Kisha wewe na fundi mnyoshe kamba pembeni mwake. Ukiwa umepinda, au umeunganishwa kwa kiraka, fikiri sana. Ubao mmoja hubadilishwa kwa siku moja. Kubadilisha mkuku ni karibu sawa na kujenga upya.

Pili, mbao za chini. Piga nyundo polepole ubao kwa ubao, usikilize. Mti mzima hulia kwa sauti kavu. Mti uliooza hujibu kwa sauti iliyofifia, kama unapiga godoro. Palipofifia, choma kisu. Kikizama kwa urahisi, andika katika daftari: "Ubao wa tatu kutoka mkuku, upande wa kushoto, umeoza."

Hapa inafaa tumjue adui mmoja. Yuko mdudu wa baharini anayekula mbao. Watu humwita funza, lakini kwa kweli yeye ni wa jamii ya chaza na kombe. Huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hukua na kuchimba ndani kufuata urefu wa ubao. Kwa nje ubao waonekana mzima, kwa ndani ni matundu matupu. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi, na ndiyo maana rangi mpya si sifa. Wazee wetu walimjua adui huyu. Walikipandisha chombo pwani kikauke, wakakichoma chini kwa moto wa makuti, kisha wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Mwulize mwuzaji: chombo hiki kilichomwa na kupakwa lini mara ya mwisho? Asiyejua kujibu hakukitunza.

Tatu, ndani. Taruma ni miti iliyopinda kama mbavu inayoshika mbao. Shika moja moja, utikise. Tazama mahali maji ya mvua hukusanyika, yaani mbele kabisa, nyuma kabisa, na chini ya viti. Maji ya mvua huozesha mti upesi kuliko maji ya chumvi. Chombo kilicholazwa masika yote bila kufunikwa huoza kuanzia juu na ndani, hata kama chini yake ni kizuri.

Nne, misumari. Ukiona machozi mekundu ya kutu yanatiririka kutoka kwenye vichwa vya misumari, ujue msumari umeliwa ndani. Machozi mawili matatu ni jambo la kawaida. Yakiwa kila mahali, mbao zimeshikwa na rangi tu.

Tano, kalafati. Kalafati ni pamba iliyotiwa mafuta, ambayo fundi huipiga kwa patasi kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Kalafati iliyochakaa si sababu ya kukataa chombo, maana hubadilishwa. Lakini ukiona nyufa zimezibwa kwa saruji au lami, uliza kwa nini. Mwenye kuziba ufa kwa saruji alikuwa na haraka.

Kwa ngalawa, tazama hasa nyufa za gogo lenyewe. Ufa mfupi huzibwa. Ufa mrefu unaofuata chini ya gogo kutoka mbele kwenda nyuma hautulii, kila wimbi huufungua zaidi. Na matengo yake yatikisike kidogo sana, kwa kuwa ndiyo roho ya ngalawa.

JAMBO LA TATU: KITAZAME KIKIWA MAJINI

Maji yakijaa, chombo kielee. Hapa msiwe na haraka. Chombo cha mbao kilichokaa juani siku nyingi kitavuja kikirudi majini. Si lazima kiwe kibovu. Mbao zikilowa huvimba na kuziba nafasi zake zenyewe. Kwa hiyo kiache majini siku nzima au mbili, kisha ukipime.

Kupima ni rahisi kwa mtu anayejua kuandika tarakimu. Fua maji yote, mpaka chini pawe pakavu. Chukua kijiti chenye alama za sentimita, ukisimamishe mahali penye kina. Andika saa. Baada ya saa moja, pima tena. Andika hivi:

Saa 2 asubuhi: sentimita 0.
Saa 3 asubuhi: sentimita 1.
Saa 4 asubuhi: sentimita 2.

Chombo kama hicho kinavuja polepole na sawasawa, na baharia mmoja atakifua bila taabu. Lakini chombo kilichojaza sentimita 6 kwa saa moja kikiwa kimetulia, bila wimbi wala mzigo, kitafanya nini nje ya mwamba? Baba yangu mdogo alipata jibu.

Kisha kipandeni, mkae upande mmoja, mwone kinavyolala na kinavyoinuka. Tweka tanga, mwende mbele kidogo, mgeuze, mrudi. Usukani uwe mwepesi mkononi. Msikilize chombo. Mbao zinazolia kila mkigeuka zinasema jambo.

JAMBO LA NNE: TANGA, KAMBA NA MASHINE

Watu wengi husahau hapa, kwa kuwa mwuzaji husema, "Kila kitu kimo." Basi kihesabu kila kitu.

Tanga, lifungue lote, ulinyoshe juu mbele ya jua. Matundu yataonekana kama nyota. Livute kwa mikono miwili kando ya mshono. Nguo iliyooza hupasuka kama karatasi. Mlingoti, tazama pale unapopita kwenye bao lake, maana hapo ndipo hupasuka. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, tazama pale ulipofungwa kamba. Kamba, zifungue nyuzi zake uone ndani. Kamba iliyo nzuri nje na vumbi ndani si kamba.

Nanga ipo? Kasia au upondo upo? Ndoo mbili za kufulia maji zipo? Maboya ya kuvaa yapo kwa kila mtu? Kama hayapo, hayo ni matumizi yako, nayo yaingie katika hesabu.

Na mashine? Wenye akiba ndogo, sikilizeni ushauri wangu. Chombo cha kwanza kiwe cha tanga. Mashine iliyotumika ni ununuzi wa pili ndani ya ununuzi wa kwanza, nayo hula petroli hata siku usiyopata samaki. Lakini kama huna budi, basi iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Iguse kwanza. Ukiikuta imekwisha pata moto, huenda mwuzaji amehangaika nayo kabla hujafika. Ikiwaka, tazama kama inatema maji yake ya kupozea, kisha iache ifanye kazi nusu saa, si dakika mbili.

JAMBO LA TANO: HESABU

Sasa chukueni kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano wa hesabu tu. Bei za kwenu mtaziuliza kwenye diko la kwenu.

Mvuvi mmoja ana akiba ya shilingi 1,500,000. Ameona vyombo viwili. Cha kwanza kinauzwa shilingi 800,000. Cha pili kinauzwa shilingi 1,200,000. Moyo wake unapenda cha kwanza, kwa kuwa kitambakishia shilingi 700,000. Je, ni kweli zitabaki? Fundi amevikagua vyote viwili, naye ameandika hivi.

Chombo cha kwanza:
Mbao 3 mpya, kila moja shilingi 60,000: 180,000.
Fundi siku 5, kila siku shilingi 30,000: 150,000.
Pamba na mafuta ya kalafati: 70,000.
Tanga jipya: 200,000.
Kamba na nanga: 100,000.
Jumla ya matengenezo: shilingi 700,000.

Chombo cha pili:
Fundi siku 2: 60,000.
Pamba na mafuta ya kalafati: 70,000.
Kamba: 50,000.
Jumla ya matengenezo: shilingi 180,000.

Jumlisheni. Chombo cha kwanza, 800,000 na 700,000, ni shilingi 1,500,000. Akiba yote imekwisha. Chombo cha pili, 1,200,000 na 180,000, ni shilingi 1,380,000. Zimebaki shilingi 120,000 za kumlinda siku ya upepo mbaya au ya mtoto kuugua. Tena cha pili kitaingia baharini siku tatu kabla ya cha kwanza.

Mmeona? Chombo cha bei ndogo kimekuwa ghali. Lakini msije mkasema kwamba ghali ni bora siku zote. Hasha! Hutokea chombo cha bei kubwa kikawa na ubovu mkubwa. Tunachojifunza ni kwamba bei ya mwuzaji ni mstari wa kwanza tu wa hesabu. Andika mistari yote, ujumlishe, ndipo uamue. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Na orodha hiyo ya fundi ina kazi ya pili. Ichukue mkononi wakati wa kupatana bei. Badala ya kusema, "Nipunguzie, ndugu yangu," utasema, "Mbao tatu zimeoza, hizi hapa, nazo zagharimu shilingi 180,000." Mwuzaji hawezi kubishana na ubao.

Kama akiba haitoshi chombo kizuri, ungoje, au mnunue wawili kwa ushirika, mkiandikiana nani ametoa kiasi gani. Kungoja msimu mmoja ni taabu. Kununua ubovu ni taabu ya misimu mingi.

JAMBO LA SITA: MWENYEWE NI NANI, NA KARATASI YASEMAJE?

Vyombo vingi vya pwani ni mali ya zaidi ya mtu mmoja. Vingine ni urithi ambao haujagawanywa. Ndugu mmoja anauza, wa pili yuko safarini, akirudi anadai chombo chake. Kwa hiyo usimwulize mwuzaji peke yake. Unguja na Pemba, mwulize bwana diko na sheha. Bara, waulize viongozi wa ufukwe na mwenyekiti wa kijiji. Chombo cha kuvulia samaki hutakiwa kuandikishwa na kuwa na leseni. Soma namba iliyoandikwa ubavuni, kisha uilinganishe na namba iliyo katika karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Nenda kwa afisa wa uvuvi, uulize kama inalingana na jina la mwuzaji, na namna ya kukiandika kwa jina lako.

Halafu muandikiane hati. Someni hii pamoja, kwa sauti:

HATI YA MAUZIANO YA CHOMBO
Mimi ........., mkaazi wa ........., nimemwuzia ........., mkaazi wa ........., chombo aina ya ........., urefu mita ........., namba ya usajili ..........
Vitu vinavyokwenda pamoja na chombo ni hivi: ..........
Bei tuliyokubaliana ni shilingi ......... (kwa maneno: .........). Leo nimepokea shilingi .......... Zimebaki shilingi ........., zitakazolipwa tarehe ..........
Nathibitisha kwamba chombo hiki ni mali yangu, hakina deni, wala hakuna mshirika au mrithi asiyejua mauzo haya.
Kasoro nilizomwonyesha mnunuzi ni hizi: ..........
Sahihi ya mwuzaji: ......... Sahihi ya mnunuzi: .........
Shahidi wa kwanza: ......... Shahidi wa pili: .........
Tarehe: .........

Hati iwe mbili, kila mtu achukue moja. Usiache nafasi tupu, mtu asije akaijaza baadaye. Fedha ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia, kwa kuwa sifuri moja ni rahisi kuongezwa. Na kama kusoma kwako bado ni kwa shida, usione haya. Mwite mtu wako, si mtu wa mwuzaji, aisome yote kwa sauti mbele ya mashahidi. Hata akiwa mtoto wa darasa la tano, mwambie asome.

MASWALI YA DARASA

Jibuni katika madaftari:
1. Kwa nini siku za bamvua zinafaa kwa kukagua chombo?
2. Chombo kilichokaa juani kinavuja siku ya kwanza majini. Je, ni lazima kiwe kibovu? Eleza.
3. Chombo kinauzwa shilingi 950,000. Kinahitaji mbao 2 za shilingi 60,000 kila moja, fundi siku 4 kwa shilingi 30,000 kila siku, na tanga la shilingi 200,000. Jumla ni shilingi ngapi? Mwenye akiba ya shilingi 1,500,000 atabakiwa na ngapi?
4. Nakili hati ya mauziano, ujaze nafasi zote kwa maneno yako mwenyewe.

Sasa nimalize kile kisa. Baba mdogo alirudi kuwa baharia wa fungu moja. Darasa la watu wazima lilipofunguliwa kijijini, yeye alisema amechelewa. Mama mdogo hakusema hivyo. Alikwenda jioni kwa jioni, akiwa na mtoto mgongoni na ukili mkononi. Miaka ikapita, wakaweka akiba tena, safari hii ya ngalawa. Ililazwa mchangani, ikapigwa nyundo, ikachomwa kisu. Hati ilipoletwa, baba mdogo akampa mkewe. Mama mdogo akaisoma pale pale pwani, polepole, kwa kidole, watu wote wakingoja. Akaisoma mara ya pili. Kisha akasema, "Mstari huu wa kwamba hatutakuwa na dai lolote, ufutwe." Ukafutwa. Ndipo akaandika jina lake chini ya jina la mumewe.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasoma namna ya kuweka daftari la mapato ya chombo. Mje na madaftari yenye mistari.

Kwa herini, na usiku mwema.